Malalamiko kuhusu kengele nne za kuvulia samaki aitwaye kapu, na majibu niliyopewa kabla ya kuzinunua

Naivasha,
Mei 19

Kwa Meneja wa Mauzo,
Nairobi

Bwana au Bibi Meneja,

MINTARAFU: SETI YA KENGELE NNE ZA KUVULIA SAMAKI (HULIA UZI WA FIMBO UKIVUTWA) PAMOJA NA KIPOKEZI CHAKE CHA KUSIKILIZIA HEMANI

Nimewatumia ujumbe saba kwa simu. Wa mwisho mliujibu kwa kakatuni ka mikono miwili iliyoshikana kama ya mtu anayeomba dua. Mimi sikuhitaji dua, nilitaka shilingi zangu 14,800, ndiyo maana leo nimeketi nikaandika barua.

Najua cha rahisi ni ghali. Tena nilikuwa nayajua hayo kabla ya kulipa, na kwa sababu hiyo Machi 26, siku mbili kabla ya kutuma pesa, nilimwandikia mhudumu wenu maswali manne. Uzi ukivutwa kiasi gani ndipo kengele inalia? Ikinyeshewa usiku kucha itaishi? Kipokezi kinashika umbali gani? Inatumia betri gani? Jibu lilikuja kabla sijaweka simu mezani: nusu sentimita, haiingii maji hata kidogo, mita 150, betri ya kawaida ya volti 9. “Ziko sawa kabisa bosi, lipia tukutumie leo.” Ujumbe huo ninao. Malalamiko yangu yote yanatoka hapo. Kama angesema hajui, au hata kwamba ni vya bei nafuu nijaribu bahati yangu, nisingekuwa na la kuwaambia.

Pengine kwenu maswali yale yalionekana ya mtu msumbufu. Niliendesha basi miaka saba huko Reading, Uingereza, mji uliozungukwa na mashimo ya zamani ya kuchimbia kokoto ambayo sasa ni maziwa. Mwenzangu wa zamu ndiye aliyenipeleka huko mara ya kwanza. Kule kapu huvuliwa, hupimwa, hupigwa picha na kurudishwa majini, na wavuvi hulala ufukweni siku mbili tatu wakisubiri mdonoo mmoja. Kapu si sato. Hakimbilii chambo. Hukinyonya, hukitema, hukirudia, na kazi hiyo huipenda zaidi usiku. Richard Walker, Mwingereza aliyevua kapu wa kilo 20 katika bwawa la Redmire mwaka 1952, husifiwa pia kwa kubuni kengele ya umeme ya kumwambia mvuvi wa usiku kwamba uzi umesogea. Kwa hiyo kengele hii si pambo la fimbo. Inakaa macho ili wewe ulale, na ikikosa kufanya hivyo haina kazi nyingine.

Hapa Naivasha kapu tunao (msiwachanganye na kapu la mahindi, ingawa wapo wakubwa wa kulijaza). Walionekana ziwani karibu mwaka 2001, na baada ya miaka michache wakawa sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa. Ila ziwani usiku hakukaliki, kwa kuwa viboko hutoka kula nyasi na hawamwombi mtu njia. Kwa hiyo mimi na rafiki yangu tunavua kwenye bwawa lake la kumwagilia maua, lenye ua wa umeme, na hapo ndipo kengele zenu zilipojaribiwa, Aprili 11 na 12.

Nianze na lile la uzi, maana ndilo lililonipotezea samaki. Kila kengele ina kitufe cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 10, eti 10 ndiyo kali zaidi. Nilifunga rula mezani, nikapitisha uzi juu ya kigurudumu, nikauvuta taratibu huku mke wangu akihesabu milio. Kwenye namba 10 ililia kila baada ya sentimita tatu na kidogo. Namba 9 hivyo hivyo, 8 vivyo hivyo. Namba 4 ikalia baada ya sentimita kumi na mbili. Baadaye, kengele moja ilipokuwa imeshakufa, niliifungua kwa bisibisi, nikaona sababu: kigurudumu kina kipande kimoja tu cha sumaku. Sumaku hiyo ikipita mbele ya swichi, inalia. Ina maana kigurudumu lazima kizunguke mzunguko mzima ndipo upate mlio mmoja, na hakuna namba ya kwenye kitufe inayoweza kubadilisha hilo. Kitufe kinapunguza tu. Nusu sentimita mliyoniahidi haimo ndani ya kile chombo, na mtu yeyote dukani kwenu angeliona hilo kwa kukifungua dakika tano.

Cha ajabu, kengele hiyo hiyo nzito kwa samaki ni nyepesi kwa upepo. Sumaku ikisimama pale mpakani mwa swichi, uzi ukitikiswa na upepo kidogo inakwenda na kurudi, inalia tii-tii-tii kama kifaranga aliyepotea mama. Usiku ule wa kwanza niliamka mara kumi na moja. Kengele nzuri za kigurudumu huwa na sumaku kadhaa. Nyingine hazina kigurudumu kabisa, zinasikia mtetemo wa uzi wenyewe. Sikutarajia hizo kwa bei yenu. Nilitarajia mnijibu ukweli nilipouliza.

Kuhusu maji, nitasema kwa ufupi kwa sababu picha nimeambatisha. Tangazo lenu linaonyesha kengele chini ya bomba linalotiririka. Usiku wa Aprili 11 ilinyesha kama dakika arobaini, mvua ya kawaida ya masika. Kengele ya pili ilianza kulia mfululizo, taa yake ikawaka bila kuzimika, halafu ikanyamaza na haijalia tena mpaka leo. Ndani hakuna mpira wa kuzuia maji. Plastiki mbili zimekutanishwa kwa skrubu tatu, basi. Tone la maji lilikuwa limekaa juu ya kile kibao cha nyaya na shaba imeshaanza kuwa kijani. Kitu kinachostahimili manyunyu na kitu kisichoingia maji ni vitu viwili, na kwenye boksi lenyewe, kwa maandishi madogo, mtengenezaji ameandika IPX4, yaani manyunyu. Yeye hakudanganya. Aliyeweka picha ya bomba ndiye anayepaswa kunieleza.

Sasa kipokezi. Mita 150, mlisema. Hema letu lilikuwa hatua thelathini na tano kutoka kwenye fimbo, hakuna ukuta wala mti katikati, na kipokezi hakikushika chochote. Nilikisogeza mpaka hatua kumi na nane ndipo kikaitika. Sawa, tukahamisha hema kwenye matope. Saa tisa usiku kikalia kwa nguvu, taa ya kijani, fimbo ya tatu. Nikatoka mbio bila viatu, nikateleza, nikafika na goti moja lenye damu. Uzi umetulia tuli. Nikarudi. Baada ya dakika mbili kikalia tena. Rafiki yangu ndiye aliyeng'amua: lori la kubeba maua lilikuwa linaingia shambani, na kila askari alipobonyeza rimoti ya geti, kipokezi chenu kilitangaza samaki. Vyote viwili vinatumia masafa ya megahezi 433, na hilo si kosa, vifaa vingi hutumia masafa hayo. Kosa ni kipokezi kisichojua sauti ya kengele yake na ya geti la watu. Tulicheka, sikatai. Lakini usiku ule ule kapu wa kweli alichukua chambo kwenye fimbo ya pili, ile iliyouawa na mvua, akakimbia na uzi mpaka ndani ya mafunjo, akaukata. Tulijua alfajiri tulipokuta rili, kile cha kukunjia uzi, karibu tupu. Samaki huyo yuko bwawani na ndoana mdomoni na chubwi ya gramu 80 ikimning'inia. Hilo linaniuma kuliko goti.

Betri ya volti 9, ile ya mraba, inauzwa kila duka la redio hapa mjini. Kengele zilizofika zinatumia kale kabetri kadogo ka volti 12, ka rimoti, ambako hapa nilikapata duka moja tu.

Usiku wa pili nilizima vyote. Nilichukua tonge za ugali uliobaki, nikazibana kwenye uzi kati ya rili na pete ya kwanza ya fimbo, zikaning'inia. Waingereza wa zamani walifanya hivyo kwa donge la mkate. Samaki akivuta, tonge linapanda. Akija upande wako, linashuka. Tulikaa zamu na tochi. Saa kumi na robo tonge la kushoto lilipanda taratibu kama linavutwa na mtu mwenye haya, likagota kwenye fimbo, nikakaza. Kapu wa kilo nne na nusu. Ugali ule haukuwa na namba 10.

Nilipowaeleza haya, mhudumu wenu alisema kwanza labda samaki wetu ni wadogo. Kisha akasema niweke grisi. Kisha, nilipotuma picha ya sumaku, akasema kwa kuifungua nimeua dhamana, wakati yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niifungue niipake grisi. Mwisho akanipa ofa ya kofia.

Kofia ninayo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari za kweli anazohitaji ili afaidike nayo, na tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 kwa wanaodhani hayo ni mapambo ya karatasi. Nataka mnirudishie shilingi 14,800 pamoja na 350 nilizolipia usafirishaji, kwa namba ile ile iliyowalipa, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nataka pia ile picha ya bomba iondolewe kwenye tangazo, na penye mita 150 paandikwe umbali ambao mmeupima wenyewe kwa miguu yenu. Jana jioni nimeliangalia tangazo, bado liko vile vile na bei imepanda.

Kengele zote nne, kipokezi, skrubu tatu nilizozifungua na kale kabetri nimevirudisha ndani ya boksi lake. Boksi liko kwangu mezani limefungwa kwa utepe. Mkishatuma pesa nijulisheni matatu gani ije nalo, na nani atalipia kifurushi. Mimi nimeshalipa mara moja.

Wenu,
Mteja wa oda ya Machi 28

Viambatisho: nakala ya risiti, mazungumzo ya Machi 26, picha sita