Ubeti wa mang'amung'amu haungoji asubuhi

Kwa Mhariri,

Kwenye mabaraza ya washairi hapa Mombasa husikika kauli kwamba ubeti ukikujia usingizini usihangaike, ukiwa wako kweli utaukuta asubuhi. Twaipinga, maana imewapotezea watunzi wachanga kazi nyingi.

Mang'amung'amu ni zile dakika chache baina ya kufumba macho na kuzama usingizini. Usingizi unapoingia, kemikali ya noradrenalini, ambayo huusaidia ubongo kushika kumbukumbu, hupungua. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwasikilizisha watu maneno walipokuwa wakisinzia. Walioamshwa baada ya nusu dakika ya usingizi waliyakumbuka maneno ya mwisho. Walioachwa walale dakika 10 walikuwa wameyasahau yale ya dakika chache kabla ya kulala. Basi anayesema "nitaandika asubuhi" anaandika mchangani na maji yanajaa.

Na kinachopotea si kidogo. Jaribio lililofanywa Paris na kuchapishwa mwaka 2021 liliwapa watu hesabu zenye kanuni iliyofichwa, kisha wakapumzishwa kitini dakika 20 wakiwa na kitu mkononi. Waliopitiwa na usingizi mwepesi kwa angalau sekunde 15, asilimia 83 waliigundua kanuni. Waliobaki macho, asilimia 30. Waliozama zaidi, faida yote iliwatoka. Kinachotakiwa ni lepe, si kulala fofofo.

Namna ya kulitega lepe hilo ni rahisi. Keti kwenye kiti chenye mikono, kwani kitanda humvuta mtu chini haraka. Shika kijiko cha chuma kwa vidole viwili, mkono uning'inie nje ya kiti, na chini uweke sinia au sahani ya bati. Misuli ikilegea, kijiko huanguka na mlio hukugutua. Sinia likiwekwa juu ya mkeka mlio hufa, kwa hiyo liwe sakafuni penyewe. Saa nane mchana hufaa, mwili unapolegea wenyewe, lakini si baada ya sahani ya biriani. Aliyekesha usiku asijisumbue: atapita mang'amung'amu bila kuyaona, na kijiko kitaanguka yeye akiwa mbali. Kabla ya kufumba macho, litaje mara moja jambo unalolitafuta, kisha uliache. Ukiling'ang'ania hutasinzia.

Usiku, shida kubwa ni chandarua. Daftari likiwa mezani, mpaka uinue chandarua, upapase, uwashe taa, mshororo umeshakwenda. Liwe ndani, karibu na mto, na liwe limeshonwa, maana karatasi moja moja hupeperushwa na pangaboi. Tumia penseli. Kalamu ya wino ukiandika chali hukauka, kwa kuwa wino wake hushuka kwa uzito wake mwenyewe. Simu hatuipendi: mwanga wake unaamsha, na kabla hujafika kwenye kinasa sauti umeshaona ujumbe wa watu watatu.

Ukigutuka, usijigeuze wala usifumbue macho mara moja. Anza na picha ya mwisho uliyoiona, urudi nyuma. Kisha andika kwa herufi kubwa, kila wazo ukurasa wake, ukipapasa ukingo wa daftari kwa kidole gumba ili mistari isipandane gizani. Ukimaliza, jisomee kwa sauti ya chini kabla ya kulala tena.

Hilo la mwisho si la kupuuzwa. Otto Loewi, mwanasayansi aliyekuwa Graz, Austria, aliamka usiku na wazo la jaribio la kuonyesha kwamba neva huupelekea moyo ujumbe kwa njia ya kemikali. Akaliandika kwenye kipande cha karatasi, akalala. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata, kama saa tisa, wazo likarudi, na safari hii aliondoka moja kwa moja kwenda maabara, akalijaribu kwa mioyo ya vyura. Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Wapenzi wa ile kauli ya barazani hukimbilia sehemu ya "likarudi". Wanaruka kwamba liliporudi hakulala tena.

Mshairi aandike nini, basi? Si ubeti mzima, hautawahi. Andika vina kwanza, cha kati na cha mwisho, kwa sababu vina vikiwepo mishororo hujengeka upya, lakini maana tupu bila vina hukuacha ukianza kazi upya. Kisha picha kwa jina lake kamili: andika "dau halina mtu", usiandike "ile picha ya baharini", ambayo asubuhi haitakwambia kitu. Halafu kipande chochote kilichokuja kizima, hata nusu mshororo. Ukurasa mzuri huonekana hivi: -ma, -pi, dau halina mtu, "tanga limejaa wapi". Hiyo nusu ina mizani minane kamili, na yatosha kuwa utao, yaani nusu ya pili ya mshororo, wa kibwagizo.

Lakini mizani isihesabiwe usiku. Sikio la mang'amung'amu ni karimu kupita kiasi: mshororo unaosikika una kumi na sita, mchana ukiuhesabu kwa vidole huwa kumi na tatu. Vivyo hivyo kwa maana. Mengi yatakayokuwa daftarini ni upuuzi, na hakuna ubaya. Ukurasa usioeleweka uache wiki moja, usome tena. Ukurasa ukiendelea kutoeleweka, uchane.

Watunzi wa mashairi,
Mji wa Kale, Mombasa