Barua kwa Neema: kumtafutia Simba nyumba nyingine

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa baba Imani na kwa wajukuu zangu.

Nimeusoma ujumbe wako. Simba, mtoto wenu wa mbwa, ametimiza miezi 4, amefika kilo 16, anamkimbiza Imani uani mpaka anamwangusha, na ninyi wawili mnatoka alfajiri mnarudi giza limeshaingia. Unaniuliza kama kumtoa ni kumtupa. Hapana, mwanangu. Kumtupa ni kumwacha sokoni, au kumkabidhi mtu wa kwanza anayesema "nipe mimi". Kumtafutia nyumba inayomfaa ni kazi yenye hatua zake, na kubwa kuliko zote ni kwamba huyo atakayempokea ajue kila unachokijua wewe juu ya Simba, hasa lile unaloona haya kulisema.

Kwanza tutenganishe mambo. Kukojoa ndani si sababu ya kumtoa. Mtoto wa mbwa huweza kujizuia kwa saa zinazolingana na miezi yake, ukiongeza moja. Wa miezi 4 atafika saa 5 kwa taabu, nanyi mnamwacha kwa muda wa saa 12. Kutafuna ndala na miguu ya viti nako si sababu: meno ya utoto yanang'oka kuanzia miezi 4 hadi 7 hivi na fizi zinamsumbua. Hayo yanapita. Kisichopita ni aina yake. German Shepherd ni mbwa wa kazi. Wajerumani walianza kumwendeleza rasmi kama aina mwaka 1899, kutokana na mbwa wao wa kuchunga kondoo: kuwazunguka, kuwarudisha kundini, kuwabana kwa meno wanaotoka nje. Mtoto wa miaka 3 anayekimbia huku akipiga kelele, kwa Simba, ni kondoo aliyetoka kundini. Akikua atafika kilo 30 hadi 40, na kila siku atahitaji mtu wa kumtembeza na kumfundisha. Ninyi mna ua mmoja na wapangaji wengine, na Mama Swaumu ana haki ya kuanua nguo zake za kuswalia bila kukuta zimelambwa. Uamuzi wako naukubali kabisa. Ila usiucheleweshe. Mbwa huzoea watu na mazingira mapya kwa wepesi zaidi katika wiki 14 hivi za mwanzo, na Simba ameshazipita. Kila mwezi anaokaa peke yake uani unaongeza kazi kwa atakayemchukua.

Kabla hujamwambia mtu yeyote, mwangalie anapokula. Mwekee chakula, rudi nyuma hatua 3, simama kimya. Usimguse wala usimnyang'anye sahani, maana kunyang'anywa ndiko kunakomfundisha kulinda. Utazame mwili wake. Mbwa aliyetulia anatafuna, mkia umelegea, ukisogea anainua kichwa kisha anaendelea. Mwenye wasiwasi anakaza mwili ghafla, anaacha kutafuna bila kuinua kichwa, halafu anaanza kumeza harakaharaka, na weupe wa jicho unaonekana pembeni. Kunguruma huja baada ya hapo, na kung'ata baada ya kunguruma. Hata ukiona ule mkazo peke yake, uandike, na usimpeleke kwenye nyumba yenye watoto wadogo. Mtazame hivyohivyo anapomfukuza Imani, wewe ukiwa karibu wa kumzuia. Je, anashika pindo la kaptula na kuachia, au meno yanaacha alama? Anaacha ukimwita jina, au mpaka umshike? Majibu hayo ndiyo atakayoyahitaji mwenyeji wake mpya, kuliko sifa za manyoya.

Kama amewahi kutoboa ngozi ya mtu siku hizi za karibuni, kila kitu kisimame. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeng'atwa aende hospitali siku ileile kwa ajili ya chanjo, asingoje lolote. Simba naye asitoke mikononi mwenu mpaka zipite siku 10 tangu ang'ate. Mbwa ambaye mate yake yameshaanza kuambukiza kichaa cha mbwa huonyesha dalili na kufa ndani ya siku hizo. Akifika siku ya 10 akiwa mzima, hakuwa akiambukiza siku alipong'ata. Ukimhamisha siku ya 3, umeipoteza njia hiyo ya kujua, na pengine umempelekea mwenzako msiba.

Sasa kadi ya chanjo. Chanjo ya mchanganyiko, ile ya kukinga magonjwa ya distempa na parvo, huanza wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Watu wengi huishia sindano ya kwanza, na hapo ndipo watoto wa mbwa wanapokufa. Kinga aliyonyonya kwa mama yake huizuia chanjo kufanya kazi, na hakuna anayejua itaisha wiki gani; ndiyo maana hurudiwa, ile ya mwisho ikiwa ndiyo ya lazima zaidi. Chanjo ya kichaa hutolewa akiwa na miezi 3 na kurudiwa baada ya mwaka. Dawa ya minyoo sasa ni kila mwezi mpaka miezi 6, naye apimwe uzito kwanza. Hilo la minyoo ni kwa ajili ya wajukuu zangu pia: safura ya mbwa hupenya nyayo za mtoto anayecheza peku kwenye mchanga wenye kinyesi, ikaacha mistari inayowasha chini ya ngozi. Kupe wakionekana, mwone daktari wa mifugo. Usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe, hata jirani akikuapia kwamba yeye hutumia kila siku. Mtoto wa mbwa hujilamba, na sumu inaingia.

Akishapata sindano ya mwisho, ngoja wiki 2 kabla ya kumhamisha, kinga ijijenge na uone kama kuna ugonjwa uliojificha.

Nani umpe? Anza na uliyemchukua kwake. Mfugaji anayejali watoto wa mbwa wake atampokea au atakutafutia mtu, na anamjua mama yake Simba. Kisha muulize daktari aliyemchanja, maana anajua nani anatunza mbwa wake vizuri na nani huja pale tu mbwa anapokaribia kufa. Makao ya mbwa hapa nchini ni machache na hujaa upesi, kwa hiyo ukiwafikiria wapigie simu kwanza. Usimfungie mtu mbwa getini kwake usiku, akaamka na kumkuta.

Ukitangaza kwenye magrupu ya simu, anza na kasoro. Andika hivi: "Mbwa dume, German Shepherd, miezi 4, kilo 16. Anakimbiza watoto na kushika nguo zao kwa meno, hafai nyumba yenye watoto wa chini ya miaka 8. Hajazoea kukaa peke yake, hulia. Chanjo zote zimekamilika, kadi ipo. Anahitaji mtu mwenye ua wenye uzio na muda wa kumtembeza kila siku. Nitakuja kuona nyumba." Utapigiwa simu chache, nazo ndizo unazozitaka. Usiandike "bure". Neno hilo huwaita wanaokusanya mbwa wa kuuza tena, na wanaotaka dume la kupandisha tu. Omba kiasi kisichozidi ulichotumia kwenye chanjo, na uwe tayari kukisamehe ukimpata mtu sahihi.

Usimkabidhi mtu ambaye hujafika kwake. Ukifika, usianze na maswali, anza kutazama. Uzio una pengo chini ya geti? Maji yapo, na kivuli cha saa 8 mchana kiko wapi? Mbwa waliopo wana hali gani? Zitazame shingo zao: mnyororo unaokaa mchana kutwa huacha mduara usio na manyoya, wakati mwingine na kidonda. Wengi watakuambia wanataka mbwa mkali wa ulinzi, kwa hiyo mchana watamfungia bandani na kumfungulia usiku. Kwa Simba likatae hilo moja kwa moja. Mbwa wa aina hii akifungiwa siku nzima hawi mlinzi, anakuwa mwoga anayeng'ata, na wa kwanza kung'atwa huwa ni msichana wa kazi au mtoto wa nyumba hiyohiyo.

Kisha uliza swali moja: "Mbwa wenu wa mwisho aliishaje?" Nyamaza usikilize. Uzee na ajali ni majibu ya kawaida. Wakisema watoto wa mbwa wawili au watatu walikufa mfululizo kwa kutapika na kuhara damu, hiyo inafanana sana na parvo, na virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Simba asiende pale kabla chanjo haijakamilika. Sakafu ya banda wataisugua kwa sabuni mpaka uchafu utoke, kisha watapaka dawa ya klorini, kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji, ikae dakika 10. Udongo wa uani hausafishiki hivyo.

Mkikubaliana, andikeni karatasi mbili. Watu huandikishana kwa mjumbe hata wanapouziana pikipiki, na mbwa ana uhai; sioni aibu yoyote hapo. Ziwe na tarehe, majina na simu zenu, rangi ya Simba na alama zake, tarehe za chanjo, na kasoro ulizozitaja. Andikeni pia kwamba hatauzwa wala kupewa mtu mwingine kabla wewe hujaambiwa, na kwamba wakishindwa naye anarudi kwako, siku yoyote, bila lawama. Sentensi hiyo ya mwisho itamke kwa mdomo pia, ukimtazama mtu usoni. Mtu anayeogopa kulaumiwa ndiye anayemwacha mbwa barabarani usiku.

Siku ya kumpeleka iwe asubuhi, apate mchana mzima wa kuijua nyumba kabla giza halijaingia. Asile kwa muda wa saa 3 au 4 kabla ya safari, lakini maji apewe. Asitiwe kwenye kiroba wala kwenye buti la gari. Joto humuua mbwa upesi kwa kuwa hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema. Akae miguuni pako, amefungwa kamba. Kola iwe imebana kiasi cha vidole 2 kupita chini yake. Ikilegea zaidi atajivua akiogopa, na mbwa aliyetoroka siku ya kwanza hajui arudi wapi.

Mpelekee chakula chake cha wiki nzima. Siku 2 za mwanzo wachanganye robo tu ya chakula kipya, siku 2 zinazofuata nusu kwa nusu, kisha robo tatu, ndipo wahamie kipya chote. Chakula kikibadilishwa ghafla ataharisha, na watadhani umewapa mbwa mgonjwa. Kama watampikia, ugali mtupu haumtoshi mbwa anayekua. Wauchanganye na dagaa waliooshwa chumvi, au nyama, wampe mara 3 kwa siku, na mifupa iliyopikwa wasimpe kabisa. Mpelekee na kitambaa anacholalia, usikifue. Usiku 3 au 4 za kwanza alale karibu na mtu. Atalia, na akisikia anapumua mtu karibu atanyamaza mapema.

Piga simu siku ya 3, wiki ya 2, kisha mwezi wa 3 tangu ahamie. Usiende kumtembelea wiki za mwanzo, utamrudisha nyuma.

Na Imani asiambiwe kwamba Simba ametoroka. Atamsubiri getini. Mwambie sasa, kabla hajaondoka, kwamba Simba anahitaji nyumba yenye mahali pa kukimbia, na mwache akusaidie kukumbuka vitu anavyovipenda Simba ili viandikwe kwenye karatasi.

Kola aliyonayo haitamtosha muda mrefu. Hapa ninayo kubwa zaidi; nitampa dereva wa basi la Ijumaa, uipokee stendi.

Mama yako