Paladi ni asilimia 5 ileile, mbona mmenyuko unakesha?

Swali hili hutufikia mara kwa mara, sisi tunaopima vichocheo. Mteja amenunua kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko wa kemikali, cha metali ya paladi juu ya mkaa, asilimia 5 kama cha awali. Kapima uzito uleule, joto lilelile, lakini mmenyuko uliokuwa ukiisha kwa saa mbili sasa unakesha.

Nasi huuliza: chembe za paladi zina ukubwa gani? Asilimia hutaja uzito wa metali, basi. Wanaofanya kazi ni atomu zilizo usoni mwa chembe. Zilizofukiwa ndani umezilipia bure. Gramu moja ya paladi yenye chembe za nanomita 5 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita) ina uso wa takriban mita za mraba 100. Zikiwa za nanomita 20, unabaki na 25.

Tafadhali usichanganye chembe hizo na unga unaouona. Unga ni punje za mkaa, na metali imenata juu yake, ndogo kuliko punje hizo maelfu ya mara. Ukiusaga zaidi, chembe za metali hazipungui. Utaziba chujio tu.

Je, tutafute ndogo kuliko zote? Inategemea mmenyuko. Dhahabu, iliyosifika kwa kutomenyuka, mwanakemia Mjapani Masatake Haruta alionyesha mwaka 1987 kwamba ikiwa chembe za nanomita chache huoksidisha kaboni monoksidi hata chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Kobalti ni kinyume: katika kutengeneza hidrokaboni kwa gesi ya kaboni monoksidi na hidrojeni, chini ya nanomita 6 hivi kila atomu ya usoni hufanya kazi polepole zaidi. Kwa kuongeza hidrojeni kwenye alkeni nyepesi, kasi ya kila atomu haibadiliki sana, kwa hiyo udogo ni faida tupu.

Mharibifu mkuu ni joto: chembe husogea, zikagusana, zikaungana kuwa kubwa. Ila tusilaumu ukubwa haraka. Sisi hupima uso kwa kuangalia kaboni monoksidi kiasi gani inanata, na salfa ikiwa imefunika paladi, kipimo hushuka vilevile. Ndiyo maana hatutoi jibu kabla ya kutazama kwa hadubini ya elektroni.

Ukituletea sampuli, lete mbili, ya zamani na mpya, na uandike kila moja imetumika mara ngapi. Iliyotumika ibaki na maji. Ikikauka yaweza kuwaka yenyewe hewani.