Hospitali ya zamani ya Lyon isisahaulike

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi niseme kidogo kuhusu Hôtel-Dieu ya Lyon kule Ufaransa, lile jengo refu kando ya mto Rhône, maana watu wanapiga selfi pale halafu wanaondoka hawajui hata kwamba ilikuwa hospitali. Ule ukuta wa mbele unaotazama mto unapita mita 300, aliuchora msanifu majengo Soufflot, kazi ikaanza 1741, ndo huyohuyo baadaye akajenga lile jengo maarufu la Panthéon kule Paris. Na kabla yake palikuwa na hospitali tayari, Rabelais, yule mwandishi aliyekuwa pia daktari, alitibu wagonjwa hapo mwaka 1532!

Septemba 1944, mji ukiwa unakombolewa kutoka kwa Wajerumani, kuba la jengo hilo lilishika moto likaungua, wakalijenga upya. Hospitali ikafungwa 2010, sasa ni maduka na hoteli ya kifahari, na chini ya lile kuba kuna baa. Mi nilisimama pale nikainua macho juu, kwa kweli roho iliniuma, maana wagonjwa maskini walilazwa humo miaka mingi. Jengo linalindwa kisheria sawa, ila waweke basi hata vibao vikubwa mlangoni vinavyoeleza habari za wale wagonjwa.

Msomaji wenu, Lyon