Fainali ya wanawake mliyoikata katikati

Lubumbashi, tarehe 18 Machi 2025

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja

Yahusu: fainali ya wanawake ya mashindano ya tenisi ya Indian Wells, California

Bwana Mkurugenzi,

Ni mwaka wa nne sasa mimi ni mteja wenu wa televisheni hapa Katuba. Mwanzoni mwa mwezi huu nililipa dola 25 kwa wakala wenu, kifurushi cha michezo, kwa sababu ujumbe wenu kwenye simu ulisema Indian Wells mtaionyesha yote, wanawake kwa wanaume.

Jumapili usiku nilikusanya nyumbani wasichana tisa ninaowafundisha tenisi. Sisi tunacheza juu ya saruji, na viwanja vigumu vya kule jangwani California vinakaribia chetu kuliko vile vya udongo au vya nyasi, ingawa kwao mpira unadunda juu sana na mwendo wake ni wa polepole. Nilitaka waone jinsi Mirra Andreeva, binti wa miaka 17, anavyopanga miguu mbele ya mipigo ya Aryna Sabalenka, namba moja wa dunia. Watatu kati yao wana umri huohuo.

Seti ya kwanza tuliiona, Sabalenka akashinda 6-2. Mdogo wao akaniuliza, "Mwalimu, anaweza kugeuza?" Kabla sijamjibu, picha ikaondoka, mkaweka marudio ya mechi ya mpira wa miguu. Tukangoja. Andreeva aligeuza kweli, akashinda seti mbili zilizofuata 6-4, 6-3, akachukua kombe. Sisi tuliyasoma matokeo kwenye simu ya mzazi aliyekuja kumchukua mtoto wake.

Halafu ilipofika fainali ya wanaume, Draper na Rune, tenisi ikarudi, nayo mkaionyesha mpaka mwisho. Kijana wenu wa simu ameniambia ilikuwa hitilafu ya satelaiti. Sina ugomvi naye, lakini jibu hilo silikubali: chaneli ni ileile, dekoda ni ileile, na mpira wa miguu ulionekana safi muda wote. Kuna mtu aliamua kuwaondoa wale wanawake wawili, na wasichana wangu wameliona hilo. Limeniuma sana.

Naomba mnirudishie pesa ya mwezi huu. Naomba pia mrudie mechi ile nzima, mapema jioni, na mtutangazie siku mbili kabla ili niwaite tena watoto.

Mashindano ya Miami yanaanza wiki hii, nayo ni ya viwanja vigumu vya nje. Kabla sijalipa tena, niandikieni kama fainali ya wanawake mtaionyesha mpaka pointi ya mwisho.

Mteja wenu,
Mwalimu wa tenisi, Katuba