Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shanga Zinazopita Chekecheni

Ndugu wanachama, Assalamu alaykum.

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia vitu vidogo vya kale, yaani shanga na sarafu, kwa sababu ndivyo tunavyovipoteza zaidi.

Kule Tumbe, kaskazini mwa Pemba, makazi ya karne ya 7 hadi ya 10 yametoa vigae vingi, yaani vipande vya vyungu, vyenye mifereji. Mifereji hiyo si nakshi. Fundi alivunja kombe la pwani, akatoboa kila kipande, akavitunga pamoja, kisha akausugua mtungo ndani ya mfereji wa kigae mpaka shanga zikaviringana na kulingana. Basi ukipima upana wa mfereji unakaribia kujua unene wa shanga zilizotengenezwa, hata kama zenyewe hazikuonekana. Anayekitupa kigae hicho kwenye lundo la vigae vya kawaida ametupa ushahidi wa kazi ya fundi.

Katika mazoezi yetu tulichanganya shanga za dukani, zilizohesabiwa, na mchanga wa kawaida, tukachekecha kwa wavu wenye matundu ya milimita 5. Nyingi zilipita. Ndivyo inavyokuwa kwa shanga za kioo zilizoletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, kwani nyingi hazifiki hata milimita 5. Wavu wa milimita 5 ubaki kwa vigae na mifupa. Chini yake uwekwe wa milimita 1, na udongo wa mfinyanzi uchekechwe ndani ya maji, maana ukikauka hufunga shanga ndani ya madonge. Kioo kinachobanduka magamba kisisuguliwe wala kuanikwa juani. Shanga za jiwe la akiki hazina tabu, maji matupu yanatosha.

Kila mfuko uwe na kikaratasi cha shimo, tabaka, kina na tarehe, kwa penseli. Wino huchujuka kwa unyevu wetu huu.

Sasa sarafu, na hapa nawaomba masonara mnisikilize sana. Hazina ya Mtambwe Mkuu, hapa Pemba, iliyopatikana mwaka 1984, ilikuwa na sarafu za fedha zaidi ya 2,000 na dinari chache za dhahabu. Zile za fedha ni ndogo mno, na zipo zenye jina la mtawala, ambazo maneno yake ya upande mmoja yana vina vinavyolingana na ya upande wa pili, kama ubeti wa shairi. Kwenye fedha ya kale herufi mara nyingi zimebaki ndani ya utandu wa kutu. Ukisugua kwa ndimu na majivu, utandu unaondoka na herufi zake. Sarafu itang'aa, lakini haitasomeka tena. Ukiona unga wa kijani kibichi mwepesi, chumvi imeamsha shaba iliyomo. Tenga sarafu hiyo katika kopo kavu la plastiki lenye silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu. Usiifunge kwa mpira, kwani salfa huitia weusi. Na shanga za kombe zisikae kwenye kabati la mbao, asidi ya mbao huzila.

Mvua za masika zikifichua shanga ufukweni, piga picha pamoja na rula, ziache pale pale, kisha ijulishe Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Kuchimba bila kibali ni kosa kisheria.

Kamati inaomba idhini yenu kununua nyavu mbili za milimita 1 kabla ya masika.