Barua kwa mpwa wangu anayetaka kuja Dodoma kutazama vimondo

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Dodoma. Umenieleza kwamba unataka kuomba likizo mwezi Agosti uje kutazama mvua ya vimondo, kwa kuwa kila orodha uliyoisoma inaisifu Perseidi ya tarehe 12 na 13. Orodha hizo huandikwa na watu wa kaskazini ya dunia kwa ajili ya anga lao. Hapa kwetu, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, sehemu ya anga ambako vimondo hivyo huonekana kuanzia hukaa chini upande wa kaskazini mpaka kunapambazuka, na vingi havionekani kabisa.

Njoo mwanzoni mwa Mei, mvua zetu zikiwa zimekatika. Mvua ya vimondo iitwayo Eta Akwaridi hufikia kilele karibu na tarehe 5 na 6, dunia inapopita katika vumbi lililoachwa na nyotamkia ya Halley, ile iliyotupitia mwaka 1986 na inayotarajiwa kurudi 2061. Chembe hizo huingia hewani kwa kasi ya takriban kilometa 66 kwa sekunde, na baadhi huacha mstari wa mwanga unaokawia kufutika. Kwa kuwa chanzo chake, yaani sehemu ya anga ambako vimondo vyake huonekana kuanzia, huchomoza mashariki baada ya saa nane usiku, lala mapema, uamke saa tisa, utazame hadi alfajiri.

Watu watakutajia Bahi kwa sababu ya uwanda wake. Mimi sikubaliani nao, kwani Bahi iko magharibi mwa mji wa Dodoma, nawe utakuwa unatazama mashariki, na mwanga wa mji utakuwa upande uleule unaoutazama. Afadhali Hombolo, upande wa pili wa mji, au uende mbali zaidi, Kongwa. Mwarifu mwenyekiti wa kijiji mapema, maana wageni waliolala chali porini usiku wa manane huzua maswali. Beba mkeka na blanketi, uache darubini, na simu uizime, kwa kuwa macho huhitaji kama dakika 20 kuzoea giza.

Ukikosa ruhusa Mei, kuna mvua nyingine, Delta Akwaridi za kusini, mwishoni mwa Julai, ambazo ni hafifu zaidi, ingawa chanzo chake hufika karibu na utosi saa tisa usiku. Mvua ya Geminidi ya katikati ya Desemba ina vimondo vingi kuliko hizo zote, lakini huo ni msimu wetu wa mawingu, nami nisingekatia tiketi.

Omba likizo ya Mei 2027: mwezi mpya utaangukia tarehe 6, hivyo hakutakuwa na mbalamwezi.

Mjomba wako